Satini Haisahau Sindano

Shikamoo Fundi,

Najua marahaba haitakuja. Hata ulipokuwa hai ilikuja nusu, maana asubuhi nyingi nilikukuta umebana pini midomoni, ukaniitikia "mmhaba" huku mkono unanionyesha ufagio. Huu mwaka wa pili nafagia bila kuonyeshwa. Siku nyingine nasimama na ufagio mlangoni kana kwamba nangoja kitu, halafu najicheka, halafu kicheko kinakatika.

Kiduka chetu kipo palepale Ikungi, barazani, kinatazama barabara ya Dodoma. Mabasi yanatumwagia vumbi kama zamani. Upepo wetu wa Singida bado unaiba vipande vya vitambaa na kuvipeleka kwenye matenga ya muuza kuku, naye bado analalamika kwamba kuku wake watakula satini wafe. Binti yako Zaituni aliacha kuuza vocha, sasa anashona na mimi. Mkono wake mzuri. Mdomo wake ni wako mtupu. Cherehani yako naitia mafuta kila Jumamosi, kama ulivyoagiza.

Uliagiza hilo hospitalini, unakumbuka? Siku ile nilikuja nimejipanga kukuambia jambo. Nikakaa kwenye benchi, nikashika mkono wako uliokuwa umebaki mifupa, na kabla sijafungua mdomo ukasema, "Eliza, mashine usiiache kavu." Nikasema ndiyo, Fundi. Nikapanda gari kurudi Ikungi na jambo langu tumboni. Baada ya siku nne tukakuzika kwenu Ilongero. Nilikuwa nimebeba mkasi, sijui kwa nini, nadhani nilitaka tu nikufanyie kazi ya mwisho. Mama mmoja akanishika bega akaniambia taratibu kwamba sanda haipiti kwenye cherehani. Kwa hiyo wewe, uliyewashonea watu wa Ikungi harusi na vipaimara na Idi zote, ulikwenda bila mshono wangu hata mmoja. Hilo bado linaniuma.

Na lile jambo nimekaa nalo mpaka leo. Ngoja nianze mbali kidogo, nipate nguvu.

Nilikuja kwako najua kufunga vifungo tu. Ukanipa kazi ya kuwapima akina mama wa kwaya, kumi na wawili, magauni ya kitenge. Mwislamu gani wewe, uliijua kwaya ile kuliko mchungaji wao. Nikapima kwa makini, nikaandika daftarini kwa mwandiko wa shule. Jumamosi ya kujaribu, Mama Paulina wa sauti ya kwanza alipopandisha pambio, mshono wa ubavuni ukapanda naye. Akafuata wa pili. Akafuata wa tatu. Wote nilikuwa nimewapima wameingiza tumbo ndani na kubana pumzi, nami nikaamini futi! Ulicheka mpaka ukakaa chini sakafuni. Kisha ukafuta machozi kwa kanga, ukanipa wembe nifumue yote kumi na mawili.

Wiki ile ndiyo nilijifunza kazi. Ulinifundisha kwamba mwanamke hapimwi akiwa na hofu. Kwanza unamuuliza kuku wake wanatagaje, mtoto wake wa mwisho ameota meno mangapi, mpaka asahau kwamba ana tumbo. Ndipo unazungusha futi ukimwambia, "Pumua, mama. Usiidanganye futi, itakulipa." Na siku nilipomaliza kufumua ukachukua kipande cha satini, ukapitisha sindano, ukachomoa uzi, ukaninyooshea kwenye mwanga wa mlango. Tundu lilikuwa pale, dogo, jeupe. "Shukuru vilikuwa vitenge," ukasema. "Kitenge kinasamehe. Satini haisahau sindano."

Sasa jambo lenyewe.

Unaikumbuka siku ya mnada lilipopita gari la afya na spika juu? Akina mama wa miaka thelathini mpaka hamsini, uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi, Alhamisi, kituo cha afya. Ulisimamisha cherehani ukasikiliza mpaka mwisho. Ukasema, "Mimi arobaini na tisa, wewe thelathini na moja, wote tumeitwa. Alhamisi tunafunga." Ukaendelea kushona kana kwamba umepanga safari ya kwenda kununua uzi.

Mimi sikulala vizuri wiki nzima, Fundi. Nilikuwa nimesikia kwamba wanakata kipande. Nilikuwa nimesikia kwamba wakikukuta nayo ndiyo basi, afadhali usijue. Na kubwa zaidi ilikuwa aibu. Miaka yote mimi ndiye ninayewaambia wenzangu vua blauzi, geuka, nyoosha mkono. Leo nivue mimi, tena mbele ya Sista Anjela, muuguzi wa kituo na mteja wetu, ambaye kila akija dukani angekuwa ananijua hivyo? Niliona heri nife na heshima yangu.

Jumatano ulitoka kwenda kutafuta vifungo. Magauni ya satini ya kwaya, yale ya zambarau, yalikuwa yamekwisha yote, yamekunjwa kwenye meza. Nilichukua matatu. Nikafumua pindo zake.

Nimeandika. Nilifumua kazi iliyokwisha, kwa mkono wangu, kwa wembe ulionipa wewe.

Asubuhi ya Alhamisi ulifika umevaa baibui yako nyeusi uliyoipiga pasi mpaka ikang'aa, na mkoba wa kwendea shughuli. Nikakuambia, Fundi, magauni matatu bado kupindwa, na wanayafuata saa nane. Ulichukua gauni moja ukaenda nalo mlangoni, ukaligeuza kwenye mwanga. Ukakaa nalo pale muda mrefu. Nilidhani unaangalia rangi. Kisha ukavua baibui, ukaitundika kwenye msumari, ukasema, "Haya, leta sindano. Pindo hizi zinadeka, zinataka kushikwashikwa."

Tukakaa tukapinda kwa mkono, wewe upande huu, mimi upande ule. Ilikuwa siku tamu kuliko nyingi nilizokaa na wewe, ndiyo maana inaniuma kuikumbuka. Muuza kuku alituletea karanga za kuchemsha. Ulinisimulia ulivyotoroka kuchunga ng'ombe Ilongero ukajificha kwa mshonaji wa kijijini, baba yako akakufuata na fimbo, akakukuta umemshonea suruali kwa kipande cha turubai. Akaivaa, akasahau kukuchapa. Ukaigiza alivyotembea nayo. Ukamsema kwa Kinyaturu kama alivyokusema yeye. Nilicheka mpaka nikajichoma kidole. Saa nane Mama Paulina akayachukua magauni, na kituoni uchunguzi ulikuwa umeshafungwa. Ukasema, "Tutakwenda wiki ijayo." Nikasema ndiyo, Fundi. Wiki ijayo ikawa na sare za shule, iliyofuata ikawa na Idi, na baada ya hapo hatukulitaja tena.

Halafu nikaanza kuona flana zinapungua kwenye kapu la vipande. Nilidhani kuna mtu unamshonea nepi. Ulikuwa unajishonea wewe, za kuzuia damu. Ukaanza kukaa upande, ukisema kiti kimelegea. Nikakigongea misumari kile kiti, Fundi. Mara mbili.

Nilizika siri yangu ikatulia, mpaka mwezi uliopita. Mama Paulina alileta gauni lake la zambarau. Binti yake ameingia kwaya, ni mrefu kumzidi, akaomba tuushushe upindo. Nikaufumua, nikanyoosha kitambaa. Mistari miwili ya matundu, Fundi. Mmoja wa mara ya kwanza, mmoja wa mara ya pili, imepishana kidogo tu, imezunguka gauni zima. Nikalipeleka mlangoni. Zaituni ananiuliza nini, dada, mimi bado naligeuza.

Uliyaona. Wewe uliyenionyesha tundu moja kwenye kipande cha kiganja ungekosaje kuyaona matundu ya gauni zima? Ulisimama na hila yangu mkononi asubuhi ile, ukaijua ni ya nani na ya jana saa ngapi.

Nilikukasirikia. Usinichukie, nasema ukweli. Nilikaa kwenye kiti chako nikakusema kwa sauti. Mbona hukunichapa rula? Mbona hukunivuta mkono, wewe uliyenifumulisha magauni kumi na mawili kwa kosa la pumzi? Na kama mimi nilikuwa mwoga, wewe si ulikuwa umeshavaa baibui?

Ndipo nikaikumbuka sura yako ulipoitundika ile baibui. Nilikuwa nimeisahau. Ulikuwa umepumua, Fundi. Mabega yalishuka. Nawajua wanawake wanaobana pumzi, ulinifundisha mwenyewe, na asubuhi ile ulikuwa umeibana tangu nyumbani mpaka dukani. Uliogopa kama mimi. Nilikupa kisingizio, ukakipokea kwa mikono miwili, na ukanishukuru kwa karanga na hadithi ya suruali ya turubai. Tulijificha wote nyuma ya pindo tatu.

Sikuweza tena kukaa. Nilimaliza gauni la Mama Paulina, na Alhamisi iliyofuata nikamwachia Zaituni funguo, nikaenda. Nilipita getini nikatoka. Nikanunua ndizi ambazo sizitaki. Nikaingia tena.

Sista Anjela alinipokea kama mtu anayempokea mteja. Alinieleza kila kitu kabla hajanigusa, akanionyesha kile kifaa cha plastiki, kina mdomo kama wa bata. Hakuna kukatwa, akasema, ni kupakwa siki tu, siki hiihii, na kuangalia. Nikapanda kitandani nikajifunika kanga. Na mwili wangu wote ukafunga. Akasema legea kidogo, mama. Nikashindwa. Akasubiri, halafu akauliza, "Na sare yangu ya bluu mmefikia wapi? Au mpaka nije na fimbo?"

Nikaanza kumweleza kwamba imebaki kola, na katikati ya kola nikakusikia. Pumua, mama. Usiidanganye futi. Nikacheka palepale kitandani, Sista akadhani nimechanganyikiwa, na pumzi ikatoka yote. Kikaingia. Hakikuwa kitamu, siwezi kukudanganya. Lakini harusi ya mtu nimewahi kuisimamia kwa maumivu makubwa zaidi, kwa viatu vya kubana tu.

Halafu Sista akasogeza taa karibu. Akasema, "Kuna sehemu imebadilika, imekuwa nyeupe."

Nikakuona wewe. Nikaziona zile flana.

Akaniwekea mkono gotini. Akasema hii si saratani. Ni mabadiliko ambayo yakiachwa miaka ndiyo yanaweza kugeuka, na yanatibiwa leo leo, kwa kifaa cha joto. Nikauma kanga. Lilikuwa kama tumbo la hedhi, likaja, likapita, basi. Akaniandikia tarehe ya kurudi mwakani. Nikamuuliza kama ungepona tungekwenda siku ile. Nikamweleza Alhamisi yetu yote, na pindo. Alisikiliza, akasema hakuna anayejua kama siku ile ingetosha kwako, maana huenda ulikuwa nayo tayari. Hakuna anayejua, akarudia. Nililia mpaka akafunga dirisha ili walioko foleni wasiogope.

Kwa hiyo nakuomba radhi, Fundi. Sikuombi uniambie si kosa langu. Nakuomba unipokee nikiwa na kosa langu, kama ulivyonipokea na yale magauni ya kitenge. Nami nimekusamehe la kwako, kama lipo la kusamehe. Gauni la Mama Paulina sikuziba matundu yake. Nilimwambia satini ndivyo ilivyo. Binti yake ataimba nayo hivyohivyo, na mwenye jicho atayaona.

Limebaki moja. Zaituni ametimiza thelathini. Nimemwambia kila kitu, na ya kwako pia, akalia, akakubali twende. Jana akaanza kugeuka. Akasema dada, sare za darasa la kwanza bado kupindwa, wanazifuata Alhamisi hiyohiyo. Nikachukua moja, nikaenda nayo pale mlangoni uliposimama, nikaigeuza kwenye mwanga. Hakuna tundu hata moja. Ni kweli bado, Fundi. Kazi ipo, tena nyingi.

Nikairudisha mezani, sikuchukua sindano. Nikamwambia zitangoja.

Lala salama, mwalimu wangu. Wasalimie waliotutangulia, na baba yako na suruali yake. Mashine sitaiacha kavu. Na mwanao sitampa kisingizio, hata akiniomba kwa sauti yako. Alhamisi tunafunga. Baibui yake nimeipiga pasi mwenyewe.

Eliza wako