Picha Yangu Kwenye Kalenda

Jumanne, 9 Januari

Kalenda za kanisa zimefika. Kila mwaka wanazichapa, wanaziuza, na mapato ndiyo yanayotulisha humu kwenye nyumba ya wajane. Safari hii nimo. Mwezi wa pili mzima ni mimi, nimeshika sindano, nimenuna. Mpiga picha ndiye aliyetaka ninune — nikicheka, anasema, nani atatoa sadaka? Chini wameandika: “Mjane aliyekataliwa na wanawe.” Wanawe! Ninaye mmoja tu. Nimemlalamikia mama mlezi. Kasema zimeshachapwa, tuvumiliane.

Mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Bi Redio kwa kuwa hazimiki, anasema nimetoka vizuri. Eti nafanana na hakimu.

Jumatano, 10 Januari

Makubwa haya. Mwanangu kapiga simu ofisini. Kazini kwao kuna mtu katundika kalenda, kafunua kurasa, kakutana na sura yangu. Kauliza mbele ya watu, huyu si mama yako? Sasa anakuja Jumamosi.

Miaka miwili hata salamu hakuna. Siku aliyonileta alisema ni wiki moja tu, mpaka maneno yapoe. Maneno yenyewe ya shemeji zangu — kwamba mimi ndiye niliyemmaliza baba yake. Mkewe akadakia kwamba hawezi kulala nyumba moja na mchawi. Mwanangu akainama, akatazama viatu vyake. Hapo ndipo panaponiuma. Ya mkwe nilishayazoea.

Leo nimeshona foronya mbili nje ndani. Nikafumua.

Alhamisi, 11 Januari

Mama mlezi kaniita pembeni. Nikiondoka na mwanangu, kitanda changu anapewa mwingine. Wapo wanaolala kwenye mabenchi ya kanisa wakisubiri nafasi. Kwa hiyo nikienda nimekwenda, nisije nikadhani nitarudi wiki ijayo. Kaniambia nifikiri.

Nifikiri na kichwa kipi? Mchana kutwa nimezunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Bi Redio anasema nisiende, watoto wa siku hizi huja wakiwa na shida zao. Nikamwambia akome, amjue kwanza mwanangu ndipo amseme. Akakoma. Nimemkosea. Yeye hana hata wa kumpigia simu.

Ijumaa, 12 Januari

Nimefungasha. Nikafungua. Nimefungasha tena.

Nataka kwenda. Basi, nimesema. Nataka kusikia wajukuu wakigombania mlango wa choo asubuhi. Mdogo alikuwa hajaota meno, sasa si atakuwa anakimbia? Hata mkwe nitamvumilia. Nitakaa chumba cha nyuma, nitashona, sitamwingilia mtu jikoni kwake.

Lakini haendi mtu hapa kabla sijasema yangu. Nimeyafanyia mazoezi bafuni: wewe mtoto, mimi nimekubeba mgongoni ukiwa na homa, leo unaniacha kwa watu kama mzigo? Bi Redio kagonga mlango, kauliza naongea na nani. Nikamjibu naomba. Kasema sala gani hiyo ya ukali namna hiyo.

Jumamosi, 13 Januari

Amekuja. Kanenepa. Kola ya shati haikupigwa pasi — huyo mke anafanya nini?

Wamenikalisha kwenye benchi nje ya ofisi, niitwe mchungaji akimaliza kuzungumza naye. Dirisha lilikuwa wazi. Sikutega sikio, wao ndio walioongea kwa sauti.

Anaomba ukurasa wangu utolewe kwenye kalenda zilizobaki. Kazini wanamnyooshea vidole. Kanisani kwake nako wameanza kunong'ona. Mchungaji akamuuliza, kwa hiyo unamchukua mama leo? Kikohozi. Halafu mwanangu akasema hapana, mama hapa ametulia, nyumbani bado hapajakaa sawa. Abaki tu. Yeye shida yake ni ile picha.

Mchungaji akasema sura ni ya mama, aulizwe mwenyewe.

Nikanyanyuka, nikarudi chumbani. Naandika nimesimama, siwezi kukaa. Yale yote ya bafuni yamenitoka kichwani. Bi Redio kaniona, kauliza vipi. Kaanza kunifungulia mzigo bila kuambiwa.

Mama mlezi kaja mlangoni: twende, mwanao anasubiri jibu. Nikasema siendi. Nikasema mwambie picha haitoki, mwezi wa pili mzima nitakuwa pale ukutani kwao, nimenuna vilevile. Tena ajue sitaki kumwona.

Kageuka aondoke. Nikamwita. Sijui hata ilinitokaje. Nikauliza, amekula?

Kaenda kumuuliza. Karudi sasa hivi. Anasema hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi.