Toleo la Nne Lisifutwe

Jumatatu, 4 Agosti 2003

Bosi Masalu amerudi kutoka Kampala na sidii, ameishika kwa ncha za vidole kama yai. Toleo la sita la programu ya kuediti video! Tangu studio ifunguliwe hapa Bilele tumekuwa na la nne. Sasa herufi zinaruka, bibi harusi anatokea katikati ya ua. Wateja watapenda. Mimi sijapenda.

Wakati wa kuingiza, kompyuta iliuliza: toleo la zamani lifutwe? Bosi alikuwa amegeuka kumimina chai. Nikabonyeza HAPANA. Utadhani nimeiba.

Aligundua baadaye. Akasema diski imejaa, harusi tatu zinasubiri, matoleo mawili yatagombana humo ndani. Nne ifutwe kabla ya Jumamosi. Nikasema sawa. Huwa nasema sawa upesi mno, ndiyo kasoro yangu.

Sikumwambia ninachokiogopa. Wosia wa Pastory uko ndani ya Nne.

Jumanne, 5 Agosti

Niandike kwa utaratibu, kichwa hakitulii.

Mwezi wa tano nilikwenda Buganguzi kumrekodi mzee Pastory. Anaumwa ugonjwa huu huu, ambao kila nyumba inaujua na hakuna anayeutaja. Amebaki macho na mifupa. Koo lina vidonda, anaongea kwa kunong'ona, kamera haikuipata sauti yake. Akamwambia mkewe, Eufrazia, alete redio kaseti aliyorudi nayo kutoka vita vya Uganda mwaka 79. Tukaiweka kwenye mto, karibu na mdomo. Picha kwenye kamera, sauti kwenye kaseti. Nikamwomba agonge kikombe cha bati kwa kijiko kila tunapoanza sehemu mpya, ili nijue pa kuunganisha mkono unaoonekana na mlio unaosikika. Alicheka! Akasema amekuwa mtumishi wa misa na kengele yake.

Redio yenyewe imechoka. Mara inakokota, mara inakimbia. Siku tisa nilikaa navuta sauti kipande kwa kipande, ndani ya Nne, mpaka kila neno likakaa mdomoni mwake. Kanda ya kamera haipo tena, tumesharekodi harusi juu yake. Ndiyo kawaida yetu: picha zikishaingia kwenye kompyuta, kanda inarudi kazini. Na kanda ya kuonyesha watu sikutengeneza kwa sababu Pastory alikataa. Alisema yeye akiwa hai isiwepo, maana ikiwepo ndugu yake atainusa.

Leo nimeujaribu wosia kwenye Sita. Mungu wangu! Sita haielewi kabisa nilivyovuta ile sauti. Mwanzo ni sawa. Dakika ya sita sauti inaanza kubaki nyuma. Dakika ya kumi na tano mzee amefunga mdomo, amelaza kichwa, na sauti bado inasema kibanja, nyumba na migomba yake, ni cha Eufrazia na binti zake wawili, mtu asiwatoe. Nilizima haraka.

Nikafungua Nne. Mdomo na sauti, pamoja. Basi mtu asiiguse!

Jumatano, 6 Agosti

Pastory amefariki. Jumapili. Jana wamemzika.

Taarifa kaniletea katekista Byabato. Jumamosi wanaanua matanga, na ukoo utamtaja mrithi. Mtoto wa kiume hakuna, kwa hiyo zamu ni ya ndugu yake. Byabato alikuwepo siku ya kurekodi, ila yeye si wa ukoo, hawatamsikiliza. Kasema nilete kanda, deki na televisheni, jenereta ya parokia ataibeba yeye.

Nimemkumbuka mama. Mwaka 89 alitolewa kwenye kibanja cha marehemu baba na sufuria moja kichwani, mimi nyuma nimeshika khanga yake. Hakukuwa na kanda yoyote.

Alhamisi, 7 Agosti

Karugendo kaja studio. Mdogo wake Pastory. Mpole, kofia mkononi, nguo zimenyooshwa.

"Binti, hata shikamoo hakuna?"

Nikamwamkia. Akaketi bila kukaribishwa.

"Nasikia kaka yangu yumo humo kwenye mashine yenu."

Nikageuza kioo cha kompyuta kiangalie ukutani.

"Mwezi wa tano alikuwa hawezi kumeza hata uji. Sasa nashangaa alihutubia kwa koo lipi. Siku hizi mitambo inaweza kumlisha mtu maneno, siyo? Mimi sina ugomvi, mwanangu. Jumamosi nitakaa mbele kabisa na kumwangalia mdomo. Mdomo ukisema hiki na sauti ikasema kile, yule mwanamke anaondoka siku hiyo hiyo. Wewe utawaeleza polisi."

Akaaga vizuri kabisa. Ndicho kilichonitisha zaidi. Nimekwenda chooni mara mbili.

Saa tano nikaanza kutoa kanda, yaani kuhamisha wosia kutoka kompyuta kwenda kwenye kanda, kwa kutumia Nne. Inataka muda wa saa nne bila kukatishwa. Nilikaa mbele ya kile kimstari cha asilimia, sikuthubutu hata kuegemea meza. Asilimia sitini na nne — umeme ukakatika! Ukarudi saa kumi, nikaanza upya, saa kumi na mbili ukaenda tena. Nililia kidogo. Bosi akasema kwani ni harusi ya nani hiyo? Nikamweleza yote: Pastory, redio, Karugendo. Akatikisa kichwa, akasema poleni. Kisha akauliza lini nitafuta Nne.

Ijumaa, 8 Agosti

Umeme ulikuwepo tangu asubuhi. Nimekaa tu kwenye kiti, bosi ananiambia niende Kibeta kurekodi kumuaga bibi harusi. Nikasema leo sitoki. Akafoka: nani bosi hapa? Kisha akapoa, akasema nenda Kezia, hiyo kanda nitaitoa mimi.

Nilimwambia mara tatu: fungua Nne, bosi, siyo Sita. Nikaandika na kikaratasi, nikakibandika kwenye kioo cha kompyuta. Yeye ni Msukuma, Kihaya hakijui. Mzee ananong'ona, midomo haifunguki sana. Akitumia Sita hatagundua chochote, ataona kazi safi.

Kibeta sijui nilirekodi nini. Nadhani miguu ya watu.

Nimerudi saa kumi na moja. Studio imefungwa, umeme hakuna tangu saa nane. Mwenye duka la jirani kanipa ufunguo na kanda. Juu yake, kwa mkono wa bosi: PASTORY — TAYARI. Na barua fupi. Amekwenda kisiwani Bumbire kurekodi harusi ya mchuuzi wa samaki, boti imeondoka saa tisa, atarudi Jumatatu. Halafu mstari wa mwisho: "Nne nimeifuta, diski ilijaa kabisa."

Ameifuta kabla ya kutoa kanda, au baada? Hakuandika! Kikaratasi changu nimekikuta sakafuni chini ya meza. Simu yake haipatikani, huko hakuna mtandao. Nimezunguka Bilele natafuta deki yenye umeme. Hoteli moja ina jenereta, ila deki ya kanda hawana, wana ya sidii tu, na yetu wamekataa niilete.

Kanda naiangalia. Haisemi kitu. Naogopa kama mtoto.

Jumamosi, 9 Agosti

Buganguzi. Nimekaa kando ya televisheni, daftari gotini. Watu wanadhani naandika majina ya waliohudhuria. Nisipoandika nitapiga kelele.

Umeme wa Bilele haukurudi. Nimekuja na pikapu ya parokia, kanda kifuani. Tulipofika nilimwomba Byabato awashe jenereta, nijaribu kanda kabla watu hawajakaa. Karugendo akasikia. Akasema kwa upole wake ule ule kwamba hakuna kujaribu, itaonekana mbele ya wote. Akaichukua mkononi mwangu. Amekaa nayo kwenye mapaja tangu asubuhi.

Kutoka hapa naviona vibanja mpaka kule bondeni. Migomba imepaliwa vizuri, kahawa imechumwa nusu. Eufrazia ndiye aliyepalia wakati mume amelala. Yuko kwenye mkeka, binti zake huku na huku. Alininong'oneza, akitanguliza heshima ya Kihaya:

"Waitu Kezia, ataongea vizuri?"

Nikasema sawa, mama. Upesi mno.

Kama ni Sita, nisimame niseme? Nieleze matoleo, redio iliyochoka, siku tisa za kuvuta sauti? Nani atanielewa? Nitakuwa nimekiri kwa mdomo wangu kwamba nilichezea sauti ya marehemu. Na kweli niliichezea. Nisingeichezea isingesikika.

Wazee wa ukoo wamefika. Jenereta imewashwa. Inanguruma, ardhi inatetemeka. Karugendo ameweka kanda mwenyewe, amerudi kwenye kiti chake, amekisogeza mbele.

Imeanza. Pastory huyo. Wanawake wameanza kulia, wazee wamewanyamazisha. Kikombe cha kwanza: mkono na mlio, pamoja. Lakini hicho kingekuwa pamoja hata kwenye Sita! Kikombe cha pili ndicho kitakachoniambia. Kipo dakika ya saba.

Anasalimia. Anataja baba yake na babu yake. Wazee wanatikisa vichwa, wanamtambua.

Dakika ya tano. Karugendo hajapepesa macho.

Dakika ya sita. Ananong'ona, midomo inasogea kidogo tu, sioni vizuri, machozi yangu ya bure haya! Hapa ni sawa? Sijui. Nadhani sawa. Sijui.

Amenyamaza. Anapumzika. Anatafuta kijiko juu ya blanketi, Eufrazia wa kwenye picha anamsogezea. Eufrazia wa kwenye mkeka amenishika mguu.

Ameinua mkono. Kijiko kinashuka. Kimegusa bati. Sisikii kitu — au jenereta imeumeza mlio?