Mhojiwa wa Saba

Jumapili, Bukoto. Mvua haijakatika tangu asubuhi na kanisani sikwenda. Nimepika chai ya maziwa ya kututosha wawili, kama nyumbani Nakuru, na imepoa mezani.

Akello hajaja.

Tangu nihamie Kampala kusomea uzamivu wa sheria, Jumapili ni siku yake. Mumewe alikuwa polisi. Alipofariki, Akello aliamriwa aondoke kambi ya polisi na watoto. Sasa amepanga chumba Bwaise. Wenzangu chuoni hupiga soga kwa Kiganda, nami hucheka wakicheka. Kwa Akello, na Kiswahili chake cha kambini, ndipo nilipojisikia niko na mtu.

Tasnifu yangu inahusu usawa na taasisi zinazojitungia kanuni. Alikubali nimhoji. Kamati ya maadili hutaka majina yafichwe ili wahojiwa wasidhurike, nami nikatii kwa bidii: nikampa namba, nikafuta mji wa kwao, Lira, nikafuta watoto, nikafuta hata cherehani anayoshonea riziki yake. Nilijiona nimemlinda.

Jumapili iliyopita nilimsomea sura yenye mahojiano yake, najivuna, nikiitafsiri kutoka Kiingereza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza yeye yuko wapi humo. Nikamwonyesha: Mhojiwa wa Saba.

"Ile barua ya kunifukuza iliandika 'wategemezi wa marehemu'," akasema. "Jina yangu haikuwa. Na wewe pia umeitoa?"

Nikaanza kumweleza kanuni za kamati. Akachukua mwavuli, akaniaga kwa adabu, na adabu ile iliniuma kuliko kama angenitukana.

Nimejaza kurasa nikilaumu ofisi zinazoamua mambo ya watu bila kuwauliza.

Sikumwuliza.

Simu yake inaita tu. Nina upweke, kwa nini nifiche. Mvua ikipiga mlango nadhani ni hodi.

Leo nimezisoma tena zile kanuni. Mhojiwa akitaka mwenyewe atajwe, kamati inaweza kuruhusu. Macho yangu yalipita hapo zamani kwa haraka ya kumaliza.

Kesho maktaba itanisubiri. Nitashuka Bwaise, matope na yote, nimwombe radhi kwanza, kisha nimwulize anavyotaka kuandikwa. Akitaka nimtoe kabisa, nitaifuta sura nzima. Hilo naliweza.

Jumapili zetu je, nitazifanyaje?