Wazee Hawakuwa Wakicheza

Jumatatu, Korogwe. Mvua imenyesha tangu alfajiri na matope yamefika hadi mlangoni mwa kafe hii ya intaneti hapa stendi. Sijala kitu.

Tuzo iko nyumbani, juu ya kabati la vyombo. Ni ya kioo, ina umbo la maikrofoni, na mama ameifunika kwa kitambaa chake cha kufuma ili isishike vumbi. Tangu jana majirani wanapishana mlangoni. Hongera Vero, hongera sana, umetutoa kimasomaso. Naitikia. Natabasamu. Moyoni naona kinyaa, na wa kwanza ninayemwonea kinyaa ni mimi mwenyewe.

Ngoja niandike tangu mwanzo, maana nisipoandika nitapasuka.

Bendi yetu inaitwa Chuma Chakavu. Tunapiga kitu ambacho magazeti ya Dar siku hizi yanakiita roki ya viwandani. Shabani anakwaruza gitaa la umeme mpaka linalia kama msumeno, na mimi na wenzangu wawili tunapiga mapipa, minyororo, mabati na vipande vya mashine. Mara ya kwanza tulipiga Handeni, kwa kina Shabani, siku ya mnada wa ng'ombe. Watu waliondoka na mifugo yao. Mzee mmoja wa Kimaasai alibaki, akasikiliza kwa adabu nyimbo mbili, halafu akatuuliza kama mashine yetu imeharibika na kama fundi ameshaitwa. Tulicheka siku nzima. Siku hizo bado tulikuwa na raha.

Vyuma tulivitoa kwenye kiwanda cha shamba la mkonge nilikozaliwa. Babu yangu alikuja kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Kigoma, baba akazaliwa kambini, nami nikazaliwa kambini. Shamba lilipobinafsishwa, mwekezaji aliyepewa hakuwekeza hata msumari. Alileta watu wenye mitungi ya gesi, wakaikata korona, ile mashine kubwa inayoponda jani la mkonge mpaka zibaki singa, wakaipakia kwenye malori ikauzwa kama chakavu. Sisi tukaokota vilivyodondoka. Mimi nikachukua kile kipande cha reli.

Kipande hicho kilikuwa kikining'inia mlangoni mwa kiwanda, kinagongwa kwa nyundo. Kikigongwa mara moja, kazi ianze. Mara mbili, watu wakale. Kikigongwa mara tatu za haraka, kimya kidogo, tatu tena, basi korona imemshika mtu. Hapo hakuna anayeuliza swali. Unaacha ulichoshika, unasimama, unakwenda. Mama zetu waliacha vyungu motoni wakakimbia. Mtoto wa kambini alijua mlio ule kabla hajajua kuhesabu.

Nilikuwa na miaka sita ulipolia kwa ajili ya baba. Mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko.

Na mimi, binti yake, nikauweka mlio huo kwenye wimbo.

Wimbo wetu mkubwa unaitwa "Mkanda", na unaanza hivyo: tatu, kimya, tatu. Lilikuwa wazo langu. Waandishi wakiniuliza huwa nasema nilitaka kumheshimu baba yangu. Uongo mtupu. Ulisikika vizuri, basi. Nilipougonga mara ya kwanza kwenye mazoezi, Shabani alisema mwili umemsisimka, nami nikavimba kichwa. Sikumuuliza baba. Tuliupiga Tanga, tukaupiga Dar, watu wakaruka, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza nani anaruka juu ya nini.

Halafu wakaja majaji wa tuzo. Walitaka kutuona tukipiga kwetu, "ndani ya jamii", hivyo ndivyo walivyosema. Tukapata ukumbi hapa Korogwe, Jumamosi mchana. Umeme ulikuwa umekatika, tukakodi jenereta na kuiweka nyuma ya ukumbi. Waandaaji wakawaalika wazee wa kambini na kuwakalisha viti vya mbele, na soda mkononi. Baba alivaa koti lake la kanisani, lile ambalo mama alimshonea mkono wa kulia ukaishia kwenye kiwiko.

Nikagonga. Tatu, kimya, tatu.

Wakasimama. Wote! Wenye fimbo, wenye mgongo uliopinda, hata mzee mmoja aliyesaidiwa na watu wawili kuingia ukumbini alisimama peke yake. Soda zikamwagika. Wakavua kofia wakaanza kuja mbele, taratibu, macho yakitafuta. Vijana waliokuwa nyuma walidhani wazee wamepandwa na mzuka wa muziki, wakapiga vigelegele na miluzi. Majaji nao wakasimama, wanapiga makofi, mmoja anafuta machozi. Baba akafika mpaka ukingo wa jukwaa. Aliitazama mikono yangu, mmoja, halafu mwingine, kisha akageuka akatoka kwa mlango wa pembeni.

Mimi nilijua. Dakika ileile nilijua kilichowasimamisha.

Nikaendelea kugonga, kwa sababu wimbo una mizunguko mingine minne.

Katikati ya mzunguko wa tatu jenereta ikazima. Gitaa likafa, taa zikafa, na mimi kwenye kiza cha ukumbi ule wenye mapazia nikaendelea kugonga reli peke yangu mpaka mwisho. Ukumbi ulilipuka. Jamaa aliyekuwa akilinda jenereta aliapa kwamba mafuta yalikuwepo, na kwamba aliondoka dakika mbili tu kuchungulia muziki dirishani. Tukamwona mwongo na mzembe, tukamfokea mbele za watu.

Wiki iliyofuata gazeti moja la Dar lilitoa ukurasa mzima. Mwandishi aliandika kwamba wazee wa mkonge walinyanyuka kwa furaha, kwamba chuma kiliwarudishia ujana. Kuhusu kuzimika kwa gitaa aliandika kwamba ni ujasiri ambao bendi zetu hazijawahi kuonyesha, kunyamazisha umeme kwa makusudi na kuacha kazi ya mkono iseme. Kwa makusudi! Shabani aliisoma sentensi hiyo kwa sauti mara tatu, kisha akaniambia, "Tukiulizwa, ndiyo, ilikuwa makusudi."

Tukaulizwa. Tukasema ndiyo.

Juzi Jumamosi tukapewa tuzo, Dar, kwenye hoteli yenye zulia laini hadi viatu havisikiki. Jaji mkuu alisema tumeunganisha vizazi, akataja wazee waliocheza, akataja kile kimya cha gitaa. Nikapanda na gauni la kuazima, nikapokea, nikasema asanteni sana, nawapenda.

Jana, kwenye basi la kurudi, simu ya Shabani ikaita. Waandaaji wanataka tupige Tanga Jumamosi hii, mbele ya mgeni rasmi, na jamaa mwenye studio atakuwepo na mkataba wa albamu. Sharti ni moja tu: tuje na wale wazee. Watatumiwa basi. Watapewa fulana zenye jina la bendi. Wakalishwe mbele, na chuma kikilia, wasimame kama siku ile.

Kama siku ile! Wallahi, mimi ni Mkristo lakini hapo niliapa kama mama yangu, mtoto wa Waislamu.

Basi liliposimama njiani, watu wakashuka kununua mahindi, nikabaki na Shabani. Nikamweleza yote. Shabani si mtoto wa kambi, amekulia Handeni, baba yake mfanyabiashara wa ng'ombe. Hakujua maana ya mlio ule, na kwa hilo simlaumu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikadhani ameguswa. Kisha akaniuliza, "Sasa Vero, mbona hukuniambia mapema? Hiyo ndiyo habari yenyewe! Dar wakiijua hiyo, mwakani tunachukua tuzo tatu."

Nilimtazama yule mtu niliyekula naye sahani moja miaka minne. Alikuwa anatabasamu, na alikuwa anasema kweli. Ndicho kinachonichefua zaidi. Nilishuka nikaenda kusimama nyuma ya vibanda mpaka dereva alipopiga honi.

Mpaka leo asubuhi baba alikuwa hajalisema jambo hili hata mara moja. Tunaamkiana, shikamoo Baba, marahaba mwanangu, anakula, anakaa kibarazani. Nilidhani amenisamehe, au hajali, au nilijipa moyo hivyo kwa kuwa ilinifaa. Leo nimemkuta anachambua maharage kwa mkono wake mmoja, mvua inapiga bati, nikakaa chini nikamwambia habari ya Tanga. Nikamwambia pia kwamba nimeamua kukataa, na kwamba nitamwomba mama aitoe ile tuzo pale kabatini.

Aliniuliza, "Siku ile, tulipofika pale mbele, kwa nini hukuacha kugonga?"

Nikasema wimbo ulikuwa haujaisha.

Akatikisa kichwa. Akanieleza kitu ambacho mimi, mtoto wa kambi mjuaji, sikuwahi kukijua, kwa sababu watoto hatukuruhusiwa kuvuka mlango wa kiwanda. Mgongaji haachi mpaka mtu atolewe kwenye mashine. Nyapara akinyanyua mkono, nyundo inatulia, kila mtu anajua ametoka. Chuma kikiendelea kulia, mtu bado yumo.

"Nikaona si wewe," akasema. "Vidole vyako vyote vipo. Nikasema basi ni mwingine, yuko nyuma, injini inasikika kule nyuma. Nikaenda nikaizima."

Ni baba aliyezima jenereta.

Alizunguka ukumbi na koti lake la kanisani, akatafuta swichi kwa mkono wa kushoto, akazima injini, akasimama palepale kwenye jua akisikiliza. Anasema akili ilikuwa inamwambia huu ni muziki wa mtoto wako, nenda ukakae, lakini mwili ulikuwa haumsikilizi. Na chuma kikaendelea kulia.

"Injini imezimwa, na bado kinalia," akasema. "Nikajua huyo hatoki mzima."

Aliegemea ukuta wa ukumbi akalia. Baba yangu. Wakati huohuo ndani watu wananishangilia kwa kile kimya cha gitaa ambacho baadaye tulikiita ujasiri wetu, na nje tukamfokea maskini wa watu aliyesema kweli kuhusu mafuta.

Nilimshika miguu nikaomba msamaha. Aliniinua, akanifuta uso kwa kiganja chenye vumbi la maharage, akasema nisifanye kelele mama asije akatoka. Nikamwambia Tanga hatuendi, ng'o, wakatafute wacheza ngoma wao.

Akasema, "Tutakwenda."

Nikadhani nimesikia vibaya kwa sababu ya mvua. Hapana. Alikwishazungumza na wenzake kanisani jana, kabla mimi sijafika; waandaaji walikuwa wameshawafikishia habari ya kutumiwa basi. Wamekubali. Fulana hawatavaa. Watakaa mbele, nami nitagonga, tatu, kimya, tatu, nao watasimama, maana anasema hata wakitaka kukaa hawataweza. Watakuja mpaka jukwaani. Hapo niache. Nisigonge tena hata mara moja, na gitaa lisiingie.

"Ukishanyamaza," akasema, "mimi nitataja waliobaki ndani."

Anayo majina ya waliofia kwenye korona, yote kichwani. Alianza kunitajia, taratibu, na kambi ya kila mmoja na kazi aliyokuwa akifanya, huku anaendelea kuchambua maharage. Wengine niliwajua kwa watoto wao. Mmoja ni babu wa mmoja wa wapiga mapipa wetu, na mwenyewe hajui.

Nimekubali. Sijamwambia Shabani na sitamwambia. Najua mkataba utakufa palepale jukwaani, na bendi nayo, na Shabani atanichukia mpaka kaburini. Nimepima, na nimeona bora nichukiwe kuliko niendelee kupongezwa hivi. Wapiga mapipa nitawaambia Ijumaa, wachague wenyewe.

Mvua imepungua, kafe inataka kufungwa. Jukwaa siliogopi, wala mgeni rasmi. Naogopa jambo moja tu, na nimelifikiria tangu nilipoinuka pale kibarazani. Baba atamaliza kutaja majina, atasimama pale mbele yao na koti lake la mkono mmoja, ukumbi kimya.

Je, wakipiga makofi?