Popoo ya Posa ya Aruai

Jumatatu, 4 Novemba
Ni saratani. Daktari Hsiao, mpasuaji wa taya, kaniambia bila kuzunguka. Jumanne ijayo wanakata shavu la kushoto na kipande cha taya, halafu wanaziba kwa mfupa wa mguuni mwangu. Mguu kuhamia mdomoni! Nikacheka peke yangu. Popoo marufuku, hata moja. Nimetafuna miaka thelathini na moja, tena za mipopoo niliyoipanda mwenyewe.

Selep, mke wangu, alilia njia nzima. Mimi niliendesha gari. Naogopa.

Jumatano, 6 Novemba
Selep anataka posa ya binti yetu iahirishwe. Nimekataa. Nitaongeaje baada ya kisu, hata daktari hajui. Aruai atajibiwa posa yake kwa sauti hii aliyoizoea. Tumekubaliana asiambiwe kwanza. Ila kuna kikwazo — kwetu baba asipotafuna popoo ya waposaji, amewakataa.

Jumamosi, 9 Novemba
Wamekuja. Watu ishirini, nguruwe mzima, mitungi ya pombe. Kui, mchumba mwenyewe, akapiga goti na sinia: popoo zimeviringishwa majani ya tambuu, chokaa tayari. Nikachukua moja. Mkono ukagoma kupanda.

Mama yake Kui akauliza, kwa adabu ya baridi, wamekosea wapi.

Basi nikasema yote. Aruai alikaa sakafuni na nguo zake za sherehe.

Nikataka kuwachangamsha. Nikawaonyesha daktari anavyopima mdomo ulioanza kukazwa na popoo: vidole vitatu, kimoja juu ya kingine, vipite kati ya meno. Kwangu hupita kimoja. Wanaume wote wakajaribu, wakitaniana, mate yakiwachuruzika.

"Hivi, baba?" Kui akauliza.

Viwili viliingia. Akasukuma cha tatu, kikagoma. Akabadilisha mkono, mtoto wa watu, kama kwamba kosa ni la vidole. Ana miaka ishirini na saba. Mama yake, aliyekuwa amempokea sinia, akaitua chini.

Nimekuja chumbani kutafuta namba ya Daktari Hsiao. Kui naye akapimwe, keshokutwa Jumatatu. Aruai kanifuata, kasimama mlangoni.

"Baba, umemkubali au hujamkubali?"

Nimemwambia angoje, nanakili namba. Namba yenyewe nimeikariri tangu Jumatatu.