Nyumba Inayodaiwa kwa Jina Lako

Miyuji, Jumapili

Mwanangu Jenifa,

Nyumba nimeipoteza Jumanne iliyopita, saa tano asubuhi, mbele ya baraza la ardhi na nyumba. Nimepewa siku thelathini nihame, zimebaki ishirini na tano. Marahaba, mwanangu, najua ungeniamkia kwanza, ila habari hii imetutangulia wote.

Baba yako, shemeji Lameck, alisema ananitoa mimi, mpangaji wake wa miaka kumi na moja, kwa sababu wewe unaolewa na utaishi humu. Mwenyekiti akamwuliza, "Uthibitisho uko wapi, mzee?" Shemeji akateremsha kitanda cha maharusi kutoka kwenye guta la mizigo, futi sita kwa sita! Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, maana wewe hulala umejikunja kama paka, robo yake inakutosha.

Kisha ikasomwa barua yenye sahihi yako. Humo naitwa "mpangaji Erica". Hapo sikucheka. Nimekulea tangu dada yangu alipofariki, na hujawahi kuniita ila Mamdogo.

Huko Singida unakula vizuri? Zabibu za mizabibu yangu ishirini na sita hapa uani zimeiva. Nimekutumia kilo mbili kwa basi.

Kama kweli unakuja, nitahama kwa furaha, na chumba nitakupakia rangi mwenyewe. Kama huji, basi jina lako linatumika kumwingiza mtu mwingine, nami Ijumaa nakata rufaa.

Barua ile uliiandika wewe, ndiyo au hapana? Nijibu kabla ya Alhamisi saa kumi jioni.

Mamdogo wako,
Erica