Mtungi wa Soya Niliomnyima Mkamwana Wangu

Jeongseon, mwezi wa tano

Kwako Jong-bun, mdogo wangu wa tumbo moja,

Pokea salamu zangu kutoka huku juu milimani. Theluji imekwisha, lakini asubuhi nikitoka uani bado natia vidole kwapani. Goti lako linaendeleaje baada ya kupasuliwa? Nimesikia umeruhusiwa kutembea. Tembea basi, lakini usitembee kwa kujionyesha, maana nakujua. Mimi mgongo unauma mahali palepale pa siku zote, na hilo silihesabu kuwa ugonjwa.

Nilikuandikia kabla ya mwaka mpya na hukujibu. Wewe uliyesoma darasani miaka sita mizima, na mimi niliyefundishwa herufi kwenye ukumbi wa wazee nikiwa na miaka sabini na moja, nani kati yetu angepaswa kuona uvivu wa kalamu? Haya, yamepita. Vaa miwani yako usome mwenyewe polepole. Usimpe mwanao akusomee. Ya leo si ya masikio ya watoto.

Habari ni za Hye-rim, mkamwana wangu. Tangu tumzike mume wake, mwanangu Chang-geun, hii ni miaka mitatu, na hakurudi kwao Seoul kama nilivyotabiri. Alipanga nyumba ya zamani ya vigae nyuma ya soko, akaifanya kilabu. Nilipopata habari nilimwambia mjane wa nyumba yetu hauzi pombe, kilabu ni mahali pa wachuuzi wa ng'ombe kulewa na kulala na viatu. Akanijibu kwa ile sauti yake ya chini kwamba hiki si kilabu cha namna hiyo. Na kweli si cha namna hiyo. Watu wanatoka Seoul na magari yanayong'aa, wanaweka nafasi mwezi mzima kabla, halafu wanakalishwa sakafuni kula magugu. Magugu, Jong-bun. Yale tuliyochuma mimi na wewe kwa njaa, tukayachemsha na konzi moja ya mahindi kwa watu saba, sasa yanaletwa kwenye bakuli la udongo, majani matano, na mtu mzima anayapiga picha. Kila wiki chakula kinabadilika kwa kufuata mlima umetoa nini. Kama mlima haujatoa kitu, hakuna, na wageni wanashukuru.

Mwezi uliopita Hye-rim alinipigia simu kunialika. Machipukizi ya kwanza ya mti wa miiba yametoka, alisema, na angependa niyale mimi kabla ya mgeni mwingine yeyote. Nilijua anachotaka. Tangu aolewe, miaka kumi na minane, ameniomba kitu kimoja tu, bakuli la soya ya mbegu, ule mchuzi mweusi wa kuanzishia mwingine. Mtungi ule unaujua. Mama mkwe wangu alinikabidhi akiwa amelazwa, naye alikabidhiwa na mama mkwe wake, na kila mwaka tunaongeza soya mpya juu ya ile ya kale ili isife. Siku mkamwana anapopewa bakuli la soya ile ndipo anakuwa mtu wa nyumba. Kabla ya hapo anapika tu.

Mimi sikumpa. Mara ya kwanza nilimkuta anapima chumvi kwa yai, ametumbukiza yai kwenye maji ya chumvi anatazama linavyoelea, kama wafanyavyo wasiojiamini. Nikamwambia yai langu mimi ni ulimi, na asiye na ulimi asiniombe soya. Mara ya pili nilimkuta anaosha kimchi yangu. Nilikuwa nimewapelekea ndoo nzima ya kabichi niliyochachusha kwa mikono hii, naye akaisuuza kwenye beseni kama soksi kabla ya kumwandalia Chang-geun. Mwanangu alikuwa ameshaanza kuugua figo na daktari alikuwa amekataza chumvi. Nilisema madaktari hao wamelelewa kwa mkate, wanajua nini? Mgonjwa anapewa chakula chenye nguvu. Nilikaa mwezi mzima bila kumsemesha Hye-rim.

Basi nikaenda kwenye kilabu chake pamoja na Pil-sun, jirani yangu, maana sikutaka kuketi peke yangu kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Tulikalishwa dirishani. Tukaletewa pombe ya mchele nyeupe kama maziwa, chapati nyembamba za viazi, supu ya konokono wadogo wa mtoni, halafu machipukizi yenyewe, yamechovywa maji ya moto, mabichi kabisa kwa rangi. Pil-sun alikula kama anayefukuzwa. Kila tonge anafumba macho, kila tonge anasema dada Gwi-im, mkamwana wako ana mkono. Nikaona anajipendekeza kwa sababu halipi. Mimi nilitafuna machipukizi yale nikaona natafuna karatasi iliyolowa. Supu ikawa maji ya moto. Wali uliopikwa na majani ya mlimani ukawa wali uliosahauliwa.

Hye-rim akatoka jikoni na aproni yake nyeupe, akapiga magoti, akanimiminia pombe kwa mikono miwili. Meza nyingine tatu zilikuwa na watu. Akasema mwaka huu atatengeneza soya yake nyuma ya nyumba, mitungi ameshanunua, na anaomba bakuli moja tu la mbegu. Akasema, "Mama, hata Chang-geun akija siku ya tambiko lake, akila aijue nyumba."

Hapo ningenyamaza. Mwenye akili angenyamaza. Nilimwambia mbele ya watu wa Seoul kwamba mwanamke asiyejua kutia chumvi kwenye majani matano hawezi kupewa soya ya vizazi vitano. Nikamwambia alimlisha mwanangu maji mpaka akafifia, na sasa anawauzia wengine maji yaleyale. Nikachukua chupa ya soya iliyokuwa mezani, nikaimimina yote kwenye sahani ya machipukizi, nikachanganya, nikala, nikasema sasa hiki ndicho chakula. Wageni waliweka vijiti chini. Hye-rim aliinamisha kichwa, akasema nimekosa, Mama, akarudi jikoni. Nilimsukumia Pil-sun sahani ile aonje tofauti. Alionja. Nikamwona anatema kwenye karatasi ya kufutia mdomo, kwa siri, kama mtoto.

Kwenye kituo cha basi Pil-sun alikunja na kukunjua tiketi yake. Mwishowe alisema, bila kunitazama, kwamba kama nitampiga nimpige, lakini chakula cha Hye-rim kilikuwa na chumvi yake sawasawa, na kile nilichokichanganya mimi hata ng'ombe asingelamba. Akaendelea, maana akianza haachi. Kimchi ninayopeleka kwenye ukumbi wa wazee, kumbe wanaigawana vizuri mbele yangu, halafu kila mmoja anakwenda kuiloweka kwake siku mbili. Mke wa mwenyekiti haloweki, anatupa. Si ya mwaka huu tu. Nikamuuliza mbona miaka yote hiyo hakuna aliyeniambia. Akasema, "Akuambie nani, dada? Wewe umewahi kuambiwa kitu ukakisikia?"

Nilishuka basi nikaenda moja kwa moja jikoni, nikaweka chumvi, sukari na unga wa mchele kwenye visahani vitatu, nikafumba macho nikavizungusha mpaka nisijue kipi ni kipi, nikaonja. Vyote vitatu vilikuwa mchanga. Nilirudia. Nililamba chumvi ile kwa ulimi wote, Jong-bun, nikiwa nimesimama nyumbani kwangu peke yangu, na haikuwa kitu.

Daktari wa mjini ni kijana lakini ana adabu. Alinichunguza mdomo na pua, akauliza ni tangu lini chakula cha watu kinaniudhi. Nikasema tangu watu waache kujua kupika. Hakucheka. Alisema ulimi umekufa kidogo kidogo, huenda ni miaka minne au mitano sasa, uzee na dawa za presha, na kwa umri wangu hautarudi.

Nilipofika nyumbani nilifungua mtungi. Nilimwita Pil-sun aonje. Alichovya kidole kimoja, tone moja, akakimbilia bombani. Alisukutua mdomo mara tatu ndipo akaweza kusema. Alisema hii si soya tena, dada, ni chumvi yenye rangi, na ni chungu. Nikatia upawa mpaka chini, ukakwaruza mawe. Ni chumvi iliyoganda. Nikakumbuka. Kila mwaka wakati wa kuongeza soya mpya nilikuwa naonja, nikaona mtungi unapoteza nguvu, nikaukemea kama mtu, nikaongeza chumvi. Konzi, na konzi nyingine. Yai la Hye-rim lingenipa jibu kwa dakika moja. Vizazi vitano, na mimi ndiye niliyeizika. Ningempa bakuli moja mwaka aliponiomba kwanza, leo ingekuwa hai kwenye mitungi yake.

Wiki iliyofuata nilimwomba mume wa Pil-sun anipeleke na gari lake, mtungi nikiupakata mapajani. Tulifika asubuhi kabla kilabu hakijafunguliwa. Hye-rim alikuwa anachambua majani uani. Niliuweka mtungi mbele yake, nikamwambia nimekuletea ulichokuwa unaniomba, na kimekufa, na aliyekiua ni mimi, ulimi wangu hauna kazi tena, muulize daktari. Alifungua, akachovya kidole cha mwisho, akaonja. Nilikuwa namtazama usoni. Hakutema. Alimeza. Halafu alipiga magoti palepale kwenye maji ya kuoshea majani, akaupokea kwa mikono miwili, akasema asante, Mama. Akauweka juu ya jiwe katikati ya mitungi yake mipya mitupu, akaufunga kamba upya kana kwamba una kitu ndani.

Akanipikia kifungua kinywa. Sikuhisi kitu, lakini nilisema imekolea. Ni mara ya kwanza namsifia, na alilia juu ya sufuria. Ndipo akanieleza mambo ya kimchi. Kumbe Chang-geun mwenyewe ndiye aliyemwomba aioshe, akamwapisha asiniambie, kwamba Mama akijua mkono wake umeharibika atavunjika moyo. Basi mwanangu alijua. Akasema pia kuna chumba nyuma ya kilabu, amekibandika karatasi mpya ukutani na sakafu inapashwa moto vizuri, nihamie kabla ya baridi kurudi, wawili tunakula pamoja, yeye atakuwa ulimi wangu. Pil-sun anasema nikikataa nitakuwa nimechanganyikiwa.

Sijamjibu, Jong-bun, na sasa nakuambia kwa nini. Hili sikumwambia Pil-sun wala mtu mwingine yeyote.

Vuli ile ya mwisho ya Chang-geun, Hye-rim alikuwa anapika kwenye hoteli moja ya watalii, hayupo nyumbani mchana. Nilikuwa naingia kwao na sufuria chini ya koti. Supu ya nyama na figili, nimeikoleza kwa soya ya mtungi, kwa ulimi wangu. Mara mbili kwa wiki, na wiki nyingine mara tatu. Nilikuwa namwambia, kula mwanangu, mkeo anakuua kwa maji. Nilikuwa namshikia bakuli. Machozi yalikuwa yanamtoka anapokula, na mimi nilifurahi, nikadhani amekumbuka ladha ya nyumbani. Baadaye miguu ilivimba, uso ukavimba, daktari akawa anamuuliza Hye-rim anampa nini, naye anaapa hampi chumvi hata punje. Nilikuwa nimekaa palepale kwenye kiti. Sikusema neno. Na kwenye mazishi nikawaambia watu wote kwamba mke wake alimwacha afe njaa. Wewe pia nilikuambia.

Supu ile ilikuwa na chumvi kiasi gani sijui, na sitajua. Chang-geun alikuwa anaimaliza yote. Ananywa hata ya chini kabisa, anafuta mdomo, anasema asante Mama, ni ileile.

Tambiko lake ni siku ya ishirini ya mwezi huu. Nitakwenda mapema, kabla Hye-rim hajapanga vyakula mezani, nimwambie yote kama nilivyokuandikia hapa. Nimeyaandika kwako kwanza nione kama mkono utaweza. Umeweza, ingawa karatasi ya pili nimeiandika mara tatu. Katika chumba kile sitalala hata usiku mmoja kabla hajajua anampa nani. Akinifungia mlango atakuwa amefanya sawa, nami nitarudi huku kwangu na mgongo wangu.

Msalimie mumeo, mwambie apunguze sigara. Wasalimie wanao na yule mjukuu mwenye mashavu. Samaki wakavu uliotuma walifika salama, sikuwahi kukushukuru. Hye-rim anayo namba yako ya simu. Akikupigia siku ile akilia, mpokee, msikilize mpaka mwisho, na usinitetee.

Ni mimi dada yako mkubwa,

Gwi-im